Viongezeo Viwili vya Mzee Laurenti

Siku ile tulikuwepo watu watano na mtoto. Alikuwepo Mzee Laurenti, aliyekuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kwa miaka ishirini na sita, na ambaye hana sauti tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo mwezi wa kumi mwaka jana. Alikuwepo Calist, fundi baiskeli, ambaye hapa kwetu anaitwa Injini. Alikuwepo Gabrieli wa mashine ya alizeti, tunayemwita Waziri kwa sababu hajawahi kujibu swali kwa neno moja. Alikuwepo Derick wa bodaboda, mwenye simu kubwa kuliko zetu zote. Na nilikuwepo mimi, Lea, ninayeuza kahawa, nikiwa na Yasinta wangu amelala mgongoni. Marietha wa Kintinku alikuja baadaye.

Kijiwe chetu kiko Mandewa, kwenye ukuta wa mashine ya kukamua alizeti, benchi mbili zinazotazamana na jiko langu katikati. Mwezi wa saba upepo wa Singida unapiga kama umetumwa, na sehemu isiyofikiwa na upepo ni moja tu, ile pembe iliyoshikana na ukuta. Hapo anakaa Mzee Laurenti. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba ni pake, ila tangu arudi kutoka hospitali sijaona mwingine akipakalia. Ana daftari la shule na penseli aliyoifunga kwa uzi shingoni. Akitaka kusema anaandika, na yule aliyekaa kulia kwake ndiye msomaji wake kwa siku hiyo. Msomaji anasoma kilichoandikwa, haongezi, hapunguzi, na akisoma hafanyi utani. Utani anaufanya baadaye kwa maneno yake mwenyewe. Siku ile msomaji alikuwa Waziri.

Derick alifika kama saa nane na nusu. Alizima pikipiki mbali akaisukuma hatua za mwisho, maana aliona Yasinta amelala.

Derick: Shikamooni wazee.

Waziri: Marahaba.

Injini: Marahaba, mwanangu.

Mzee Laurenti aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa. Ndivyo anavyoitikia sasa.

Derick: Mzee, Evodia kanitumia ujumbe wako toka Dodoma. Ile kompyuta ya kuongea kaipata.

Evodia ni binti yake. Kwa miezi mitatu alikuwa akitafuta kitu cha kumrudishia baba yake maneno, na sisi tulikuwa tunaulizia habari zake kama watu wanaosubiri mvua. Wote wakasogea kwenye simu ya Derick. Injini alikuja na tairi mkononi, hakukumbuka kuliweka chini.

Injini: Hebu ona. Ni simu hii.

Derick: Siyo simu, baba. Haipigi. Ni kompyuta ya mkononi. Unaandika, yenyewe inasema.

Injini: Inasema kwa mdomo gani?

Derick: Ina spika ndogo ndani. Ukiandika "naomba chai", inasema "naomba chai". Kwa Kiswahili safi kabisa.

Waziri: Ngoja. Tusiende mbio. Jambo hili lina vipengele. Derick, anza na umbo.

Derick: Kioo chake kama kiganja na nusu. Vumbi haliingii. Ikianguka kutoka usawa wa kiuno haivunjiki.

Injini: Kiuno cha nani? Kiuno changu na cha Laurenti havilingani hata kidogo.

Ni kweli, Mzee Laurenti ni mrefu sana. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akicheka sasa hatoi mlio, kwa hiyo tumezoea kumtazama mabega.

Derick: Chaji inakaa saa kumi na mbili. Inatoka mwezi wa tisa.

Waziri: Kumbe haijatoka.

Derick: Bado. Sasa hivi wanaagizisha tu. Ila anayeagiza mapema anapewa viongezeo viwili bure. Oneni hapa ubavuni, kuna matundu mawili. Kila tundu unachomeka kiongezeo kimoja. Evodia anasema baba achague viwili, jibu limfikie kabla ya saa kumi. Leo. Saa kumi wanafunga.

Mzee Laurenti aliandika, Waziri akasoma.

Waziri: Anasema, "Taja vilivyopo."

Derick akavuta kioo kwa kidole. Kulikuwa na spika kubwa ya nje. Paneli ya jua. Kibodi ya kukunja. Kamera. Kadi ya kuongeza kumbukumbu. Na cha mwisho, kinasa sauti cha picha: unarekodi neno, unalichagulia picha, na ukigusa picha neno linatoka vilevile lilivyoingia.

Injini: Hicho cha mwisho ni cha watoto. Mjukuu wangu ana mdoli, ukimbonyeza tumbo analia. Ni kitu hichohicho.

Waziri: Tukiondoe ili tusichanganyikiwe. Vimebaki vitano, tunataka viwili. Mama Yasinta, tuongezee kahawa, hapa kuna kazi.

Nikaongeza. Birika lilikuwa limejaa, na nilifurahi, kwa sababu nilijua hawataondoka.

Waziri: Mimi nasema spika kubwa, na sababu ninayo. Huyu mtu alikuwa akisema "nani anaongeza", ng'ombe wenyewe wanageuza shingo. Dalali aliyepo sasa anaongea kama anasoma matangazo ya vifo. Juzi kanadi beberu mzima watu wakavua kofia.

Injini: Spika inakula chaji, Waziri. Unataka apaze sauti mpaka saa tano asubuhi, kuanzia hapo aanze kunyoosha vidole? Kwanza paneli ya jua. Jua letu hapa limekaa bure tangu dunia iumbwe.

Derick: Kamera, wazee. Mnada wa siku hizi uko mtandaoni. Mzee anakaa hapahapa na kahawa yake, ng'ombe yuko Nduguti, mnunuzi yuko Dar.

Injini: Na ng'ombe akiwa kilema?

Derick: Kamera inaona.

Injini: Kamera inaona upande mmoja. Nikikuuzia ng'ombe mimi nakuonyesha mguu mzima tu.

Waziri: Ndiyo maana baiskeli zako zinapigwa picha upande wa kengele.

Injini alimtishia kwa tairi. Mzee Laurenti aliandika haraka, penseli inakimbia, na Waziri akanyoosha sauti kama anayesoma waraka kanisani.

Waziri: Anasema, "Ile niliyonunua kwako kengele ndiyo ilikuwa kitu pekee kizima."

Tukacheka mpaka Yasinta akageuka mgongoni. Injini mwenyewe alicheka kuliko wote. Halafu akakunja mikono ya shati, na hapo nikajua sasa mambo yanaanza.

Injini: Haya, nisikilizeni. Tatizo letu ni matundu. Matundu mawili, vitu vitano. Mimi tundu moja nalifanya manne. Ni kama ile soketi ya umeme, unachomeka moja, mnachaji watu wanne. Nampa spika, paneli, kamera na kadi vyote pamoja.

Derick: Ukiifungua waranti inakufa.

Injini: Ikifa tutazika. Nimezika waranti ngapi mimi.

Waziri: Na chaji ya kuendesha hivyo vyote?

Injini: Upepo. Kofia ya Laurenti naifunga pangaboi. Dogo tu. Kila akitoka nje linazunguka, linachaji. Mwezi huu wa saba atakuwa na umeme mpaka wa kuuzia majirani.

Derick: Na akiwa ndani?

Injini: Unampepea.

Mzee Laurenti alikuwa ameshika tumbo. Aliandika neno moja moja kwa taabu, huku anacheka.

Waziri: Anauliza, "Vyote hivyo nitavibeba mimi?"

Injini: Hapana. Tunaweka kwenye baiskeli. Nipe njia.

Alichukua njiti ya gurudumu akachora chini, kwenye vumbi. Spika mbele, mahali pa kikapu. Kamera kwenye usukani. Paneli juu, kama mwavuli, imeshikwa na vyuma vinne. Kompyuta kifuani kwa Mzee Laurenti, imefungwa kamba. Ulikuwa mchoro mzuri kweli. Alimchora hadi na masharubu.

Waziri: Paneli pana namna hiyo juu ya baiskeli, na upepo huu. Hapo umemtengenezea ndege. Ataondoka hapa anaenda dukani, atatua Ziwa Singidani.

Derick: Katikati ya wale flamingo wekundu.

Waziri: Na spika iko wazi. Kabla hajakauka ameshawanadi.

Derick: "Naanza na huyu wa mguu mmoja, nani anaongeza."

Derick aliiga ile sauti ya mnadani, na nusura apatie. Nilimtazama Mzee Laurenti nikiogopa kidogo. Lakini alikuwa amemnyooshea Derick kidole gumba.

Waziri: Tusiishie hapo. Kadi ya kumbukumbu mnaidharau. Kadi kubwa inaingia maneno yote ya mtu. Baada ya mwaka, kompyuta inakuwa imemjua. Inajua atasema nini kabla hajaandika. Yeye anabaki nyumbani amelala, yenyewe inakuja hapa kijiweni, inakaa pale pembeni, inabishana na sisi.

Injini: Hiyo kahawa yake nani anakunywa?

Waziri: Ninyi mna mawazo madogo. Na wewe unanunua ya kwako. Na mimi. Tunaziweka tatu hapa kwenye benchi, zinabishana zenyewe, sisi tunakwenda shamba.

Derick: Halafu jioni zinatuambia nani kashinda.

Injini: Ya Waziri haitakuwa imemaliza utangulizi.

Wakati huo wote Injini alikuwa ameichukua penseli ya Mzee Laurenti na kuichonga kwa kisu chake kidogo, maana ilikuwa imebutuka. Hakuwa ameombwa. Aliirudisha na uzi wake akaendelea kubishana, na nadhani hata yeye hakujua kwamba amefanya hivyo.

Nikawaambia imefika saa tisa na robo.

Derick alisema Evodia ameuliza tena. Waziri akataka kura ipigwe. Wa spika akawa yeye. Wa paneli akawa Injini. Wa kamera akawa Derick. Wakanigeukia mimi, nikasema sijui, kwa kuwa kweli nilikuwa sijui. Mzee Laurenti alikuwa anawatazama kama mtu anayeona wenzake wanamjengea nyumba, hataki kuwakatiza hata kama mlango wameuweka mahali pasipo pake. Daftari lilikuwa limefunguliwa magotini, ukurasa mweupe.

Hapo ndipo Marietha alipofika. Alikuwa na kiroba cha mchele kichwani na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Ametoka Kintinku kumtembelea dada yake anayekaa nyuma ya mashine, amekuta mlango umefungwa.

Marietha: Shikamooni.

Waliitikia, na Mzee Laurenti akaweka mkono kifuani. Halafu akasimama, akamwonyesha Marietha ile pembe isiyo na upepo. Marietha alikataa, naye mzee akaendelea kusimama tu mpaka mgeni akakaa. Derick alimtua kiroba. Nilimpa kikombe. Alikinywa kwa haraka kama mtu mwenye kiu ya maji, halafu akaniambia nimfungulie mtoto ampakate ili nipumzishe mgongo. Mtu hajanijua hata dakika tano.

Waziri alimweleza habari yote kuanzia upasuaji wa koo mpaka kwenye viongezeo. Marietha alisikiliza, Yasinta mapajani. Akawa kama ameipenda hiyo kompyuta.

Marietha: Ni kitu kizuri. Mama mkwe wangu ameanza kusahau maneno, nilikuwa nawaza labda na yeye. Kinajua Kigogo?

Derick: Kigogo wapi, dada. Hata Kinyaturu chenyewe hakijui. Kiswahili na Kiingereza, basi.

Alisema huku anacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

Marietha: Haya. Sasa huyu mzee nyumbani kwake wanaongea nini?

Injini aliangalia mchoro wake.

Sote tulikuwa tunajua. Mke wake, Mama Evodia, anazungumza Kinyaturu. Kiswahili anakisikia, na anakitumia sokoni na zahanati, lakini ndani ya nyumba ile miaka thelathini na kitu hawajawahi kuambiana neno kwa Kiswahili. Na Mama Evodia hakwenda shule. Lile daftari kwake ni mistari tu. Watoto wameshaondoka wote. Sisi hapa kijiweni tuna msomaji wa zamu, lakini nyumbani hakuna msomaji. Tulikaa naye kila siku, tunacheka naye, halafu jioni anakwenda kwenye nyumba ambayo hana namna ya kusema ndani yake hata kitu kidogo. Nasi tulikuwa tunamtafutia spika ya mnadani.

Mimi nilikuwa na kosa kubwa kuliko wao. Mwezi wa tano Mama Evodia alikuja kwangu asubuhi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne. Aliniomba nimsomee bila kumwambia mtu. Lilikuwa neno moja. Lilikuwa "chumvi". Alikuwa ametembea kutoka nyumbani kwake mpaka kwangu kwa ajili ya neno chumvi. Nilimsomea, akanishukuru, akarudi kuitia kwenye mboga. Nami sikuwaza zaidi ya hapo.

Nilinyanyua birika niwaongezee, likatoa tone moja na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Mzee Laurenti ndiye aliyeanza kusogea. Aliketi mwisho wa benchi, upepo unampiga, akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Alipofika mwisho wa ukurasa aligeuza akaendelea. Derick aliangalia saa mara mbili. Alipomaliza alimpa Waziri.

Waziri: Anasema, "Haya ndiyo ninayoyataka. Maji. Nimeshiba. Bado sijashiba. Umelala? Mbuzi mmoja hajarudi. Mguu wako unaendeleaje. Usibebe hiyo, nitabeba mimi. Mvua inakuja, anua. Nani kakuudhi. Chumvi imepungua. Chumvi imezidi lakini nitakula hivyohivyo. Samahani ya jana. Evodia kapiga simu. Nyamaza kidogo nasikia kitu. Ni panya tu."

Waziri akageuza ukurasa. Akasoma kwa macho mstari mmoja wa juu, kisha akalifunga daftari taratibu akamrudishia mwenyewe.

Waziri: Limebaki moja. Hilo siyo la kijiweni.

Injini: La nini?

Waziri: Nimesema siyo la kijiweni.

Injini: Niambie herufi ya kwanza tu.

Waziri: Calist, angalia tairi lako.

Mabega ya Mzee Laurenti yakaanza tena, na sisi tukapata ruhusa ya kupumua.

Derick: Wazee, kile cha mwisho. Kile mlichosema cha watoto. Kinasa sauti cha picha. Hicho hakijali lugha. Neno linatoka lilivyoingia. Ukirekodi kwa Kinyaturu linatoka Kinyaturu.

Marietha: Na Kigogo?

Derick: Na Kigogo, dada. Hata kuku akirekodi anatoka kuku.

Injini: Na mimi ndiye niliyekitoa. Haya, nimekirudisha. Na cha pili paneli, maana bila chaji vyote ni kigae tu. Laurenti, unasemaje?

Mzee Laurenti aliandika kwa herufi kubwa, akatugeuzia daftari wote tuone, hata Waziri hakuhitajika. KINASA SAUTI. PANELI. BILA PANGABOI.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na sita. Derick aliandika ujumbe, akautuma, na ile alama ya kuonyesha umefika haikutokea. Kaduara kakawa kanazunguka. Mtandao ulikuwa umepotea. Derick alipanda juu ya benchi akainua simu. Injini alipanda juu ya jiwe. Waziri, na mwili wake ule, alipanda kwenye ngazi ya mashine ya alizeti akapunga mikono kana kwamba mtandao utamwona. Marietha akatoka barabarani na Yasinta, akamwonyesha juu, Yasinta naye akanyoosha mkono. Tulikuwa watu wazima tumesimama juu ya vitu, tunatazama mawingu.

Derick: Umekwenda.

Injini: Umesomwa?

Derick: Umesomwa. Anaandika. Anasema, "Nimeagiza. Mwambieni baba nilijua atachagua hicho, ila nilitaka akichague mwenyewe."

Injini alimkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, akakuta ni Derick, akajifanya alikuwa anampangusa vumbi.

Basi likaja suala la nani atarekodi. Hapo ubishi ukarudi na nguvu mpya, bila kahawa. Waziri alisema sauti yake ndiyo iliyozoeleka. Akajaribu ile ya "mvua inakuja, anua" kwa Kinyaturu, na kwa namna alivyoitoa ungedhani anafungua mkutano wa kata. Injini akajaribu "umelala?" kwa sauti ya chini, ya mapenzi, mpaka Marietha, ambaye Kinyaturu hakijui, akafunika uso kwa kanga.

Waziri: Wewe ukimwita mke wa mtu hivyo usiku, kesho utaamkia kwa mtendaji.

Injini: Mimi nafanya kazi ya kiufundi.

Mzee Laurenti aliandika, safari hii bila haraka.

Waziri: Anasema, "Mke wangu atadhani nimeleta wageni wasiotaka kuondoka."

Dada yake Marietha alikuja saa kumi na nusu, akatukuta bado tunajaribu sauti. Marietha alinirudishia Yasinta, ambaye alikuwa amemlalia, na kabla ya kuondoka alichota mchele kutoka kwenye kile kiroba, akaumimina kwenye sufuria yangu tupu. Mzee Laurenti alimsindikiza mpaka mlangoni kwa dada yake, kiroba begani kwake.

Kompyuta ilifika Singida mwezi wa tisa, tarehe kumi na moja, kwa basi la mchana, pamoja na viongezeo vyake viwili. Waziri na Injini walikwenda nyumbani kwa Mzee Laurenti kurekodi. Mama Evodia aliwasikiliza maneno matatu, akawaambia hawezi kuwa na wanaume wa kijiweni jikoni kwake usiku na mchana, akawapa uji wakanywa wakaondoka. Alirekodi mwenyewe, na picha za kila neno alichagua mwenyewe. Kwa hiyo nyumbani kwao mzee akitaka maji, ni sauti ya mke wake inayomwomba mke wake maji. Kufikia Jumapili iliyopita amerekodi maneno mia mbili na sita.